Nasaba za Mlima Meru: Wazee, Vitabu vya Kanisa au Vinasaba?

Kila Desemba, wenyeji wa Meru na Arusha wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma na ughaibuni wanaporudi nyumbani, vikao vya ukoo hujaa. Zamani ajenda zilijulikana: michango ya misiba, karo za yatima, mpaka wa shamba uliosogezwa usiku. Sasa imeongezeka ajenda ya historia. Kamati inaundwa, anayejua kompyuta anafanywa katibu, kundi la WhatsApp linafunguliwa, wazee wanaombwa wataje majina, na haupiti muda mrefu kabla ya mvutano kuanza. Tawi la Nkoaranga lina babu ambaye tawi la Poli halijapata kumsikia. Mmoja anashikilia kwamba chimbuko ni Usambara, mwenzake anasema ni Machame. Aliyeko ng'ambo anauliza kwa nini wasipime vinasaba wakamaliza ubishi. Mwingine anarusha picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo na kutangaza kwamba mjadala umefungwa.

Swali linalowasumbua wengi ni nani aaminiwe. Ni swali zuri, ila limetangulia zamu yake. Kabla ya kupima ushahidi, kamati inapaswa kujua mti wa ukoo unachorwa kwa ajili gani, maana katika milima hii mti wa ukoo haujawahi kuwa pambo la ukutani. Umekuwa hati ya shamba, kizuizi cha ndoa na orodha ya wanaostahili kusimama kaburini. Kila chanzo cha habari kimepindishwa na mojawapo ya kazi hizo.

Mlima uliojazwa kwa awamu

Wanaoitwa Wameru leo walianza kulima miteremko ya kusini-mashariki takriban miaka 300 iliyopita. Humo waliwakuta wawindaji ambao masimulizi huwaita Wakoningo. Koo kadhaa husimulia kwamba wazee wao walitoka Usambara, ilhali Kimeru ni ndugu wa karibu mno wa Kimachame cha Kilimanjaro. Thomas Spear, mwanahistoria aliyeandika Mountain Farmers (1997), kitabu kinachohusu wakulima wa Meru na Arusha, ni miongoni mwa walioupitia ushahidi huu wa aina mbili. Kwa mtafiti wa nasaba hakuna mgongano wa lazima hapa. Ukoo unaweza kutoka Usambara, ukakaa Machame vizazi kadhaa na kubadili lugha, kisha ukavuka kuja Meru. Ukoo jirani unaweza kuwa wa Machame tangu mwanzo. Anayeuliza “Wameru walitoka wapi” anauliza habari za kabila zima, na jibu lolote atakalopewa halitamwambia baba wa babu yake alikuwa nani.

Waarusha wana hadithi nyingine. Walipanda kutoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, katika miaka ya 1830, wakashika upande wa kusini-magharibi. Wanazungumza Kimaa na kufuata marika ya Kimasai, lakini ni wakulima. Waliongezeka haraka kwa sababu walipokea watu. Mateka wa vita waliingizwa katika familia, na wanawake wa Kimeru na Kichaga waliolewa humo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipomaliza ng'ombe wa Wamasai, na ndui na njaa zikafuata, waliofilisika walipanda mlimani kutafuta chakula na hifadhi. Wengi hawakurudi nyikani. Walipewa rika, wakapewa ukoo, na baada ya kizazi kimoja hapakuwa na sababu ya kuuliza walikotoka.

Ndiyo maana jina la mwisho linadanganya. Mollel, Laizer na Lukumay ni majina ya koo yanayopatikana Arusha, Umasaini na hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Urio wapo Meru, na Urio wapo Machame. Wawili wanaokutana ofisini jijini na kuitana ndugu kwa kuwa wanashiriki jina wanafanya jambo jema la kijamii, ila wasilichore kwenye mti.

Halafu ulikuja mwaka 1896. Mwezi Oktoba, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa shirika la Kilutheri la Leipzig, waliuawa Akeri. Kapteni Kurt Johannes alileta jeshi la Wajerumani pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, migomba ikafyekwa. Miaka michache baadaye wenyeji walilazimishwa kujenga Boma, jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe jijini Arusha. Mwaka 1900 Mangi Lobulu, mtawala wa Meru, alinyongwa, mwaka uleule aliponyongwa Mangi Meli wa Old Moshi. Familia zilitawanyika, wajane wakarithiwa, watoto wakalelewa na wajomba. Nasaba nyingi zinazotiririka vizuri kuanzia leo kurudi nyuma hujikwaa hapo, na kamati isiyoijua historia hii hudhani mzee amesahau tu.

Wazee na marika

Hoja ya wanaotetea masimulizi ni nzito. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 hakuna chanzo kingine. Zaidi ya hapo, mfumo wa marika unampa mtafiti kalenda ambayo jamii nyingine hazina. Mzee anaweza asijue mwaka aliozaliwa babu yake, lakini anajua rika lake bila kusita. Rika moja huchukua takriban miaka 15. Vijana wa Talala ndio waliokuwa wapiganaji Wajerumani walipofika. Wakafuata wengine, wakiwemo Tareto na Terito, hadi Seuri, Makaa na Landis wanaofahamika leo. Ukijua baba alikuwa Terito na mwana ni Seuri, umepata umbali kati yao. Ukiambiwa kwamba baba na mwana walikuwa rika moja, umegundua kosa papo hapo bila kugusa karatasi. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho chombo bora kuliko vyote katika utafiti wa nasaba za Arusha, na cha ajabu ni kwamba fomu nyingi za kuchorea ukoo zinazopatikana mtandaoni hazina hata nafasi ya kukiandika.

Udhaifu wake nao unajulikana. Kwanza ni majina yanayojirudia. Pale mjukuu anapopewa jina la babu, watu wawili wenye jina moja, mmoja wa 1870 na mwingine wa 1930, hugeuka kuwa mtu mmoja katika kumbukumbu, na vizazi viwili vinapotea. Pili, katika jamii za Kimaa jina la marehemu halitajwi ovyo, hasa na wanawe, kwa hiyo swali la moja kwa moja, “Baba yako aliitwa nani?”, laweza kuwa utovu wa adabu. Afadhali aulizwe jirani, au mtu wa ukoo mwingine.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nasaba za mdomo zilitunzwa kwa ajili ya kazi. P. H. Gulliver, mwanasosholojia aliyefanya utafiti wake Arusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha Social Control in an African Society mwaka 1963, alionyesha jinsi migogoro ilivyosuluhishwa kwa mazungumzo, kila upande ukisimama na watu wa ukoo wake na washauri wao. Katika mfumo wa namna hiyo, nasaba inayokumbukwa ni ile inayomwambia mtu nani atasimama upande wake. Baba mdogo aliyehama bila kuacha mtoto wa kiume hana kazi katika hesabu hiyo. Binti aliyeolewa ng'ambo ya mto hana kazi. Wanasahaulika, na aliyewasahau hakusema uongo.

Karatasi na waliozishika

Upande wa pili wanasema: tuache maneno, twende kwenye maandishi. Leipzig walirudi Meru mwaka 1902 na kuweka kituo Nkoaranga, kisha Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Tangu hapo yapo madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kitabu cha usharika, pale kilipotunzwa vizuri, huwa na jambo ambalo masimulizi hayana: jina la mama.

Lakini waliobatizwa miaka ya mwanzo walikuwa wachache, wengi wao vijana. Mtu mzima aliandikiwa umri wa kukisia. Jina lake la nyumbani liliandikwa kwa sikio la Kijerumani, na mara nyingi kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo hawausomi bila mafunzo, kisha likafunikwa na Yohane au Eliya. Katika usharika wenye akina Yohane kadhaa, karatasi inahitaji mzee wa kuifasiri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Leipzig waliondolewa, Waamerika wa sinodi ya Kilutheri ya Augustana wakashika nafasi kwa muda, na Wajerumani wakarejea katikati ya miaka ya 1920. Mabadiliko ya namna hiyo hayapiti bila kuacha alama kwenye utunzaji wa madaftari. Mgogoro wa kanisa la Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulioigawa dayosisi, ni sababu nyingine ya kutouliza ofisi moja tu. Anayetaka kwenda mbali zaidi ataikuta hifadhi ya Leipzig ikiwa Halle, Ujerumani, na picha zake nyingi zikiwa katika mkusanyo wa picha za kimisionari wa University of Southern California, unaotazamika bila malipo. Mafaili ya serikali za Kijerumani na Kiingereza yako katika Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam.

Serikali yenyewe haisaidii sana kwa vizazi vya juu. Usajili wa vizazi wa enzi za mkoloni haukuwalenga Waafrika, na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), iliyoanzishwa mwaka 2006, imerithi pengo hilo. Wengi waliozaliwa mashambani walipata cheti ukubwani kwa hati ya kiapo, na tarehe yao ya kuzaliwa ilichaguliwa ili fomu ijazwe. Anayeiingiza tarehe hiyo kwenye mti kama ukweli mtakatifu anakopi makadirio ya karani.

Karatasi bora hupatikana pale ambapo serikali ilikuwa ikiwahesabu watu kwa nia ya kuwadhuru au kuwatoza. Mwaka 1951 takriban Wameru 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Kesi hiyo iliacha mafaili, maombi na taarifa ambazo familia za Engare Nanyuki zinapaswa kuzisaka kabla ya kingine chochote. Vivyo hivyo madaftari ya vyama vya ushirika vya kahawa na stakabadhi za kodi zilizofichwa masandukuni.

Tofauti kati ya wenye maandishi na wasio nayo inaonekana wazi pale Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, takriban watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao, kama 150 hivi, yana majina na miaka, na wazao wao huja kutoka mabara mengine wakienda moja kwa moja kwenye kaburi la bibi. Kilomita chache kutoka hapo, familia iliyokaa mlimani karne tatu haina jiwe hata moja lililochongwa jina kabla ya ujio wa kanisa. Mgomba au isale ndio alama, na anayejua ni ya nani ni mzee.

Vinasaba: ahadi na mipaka

Wanaotegemea maabara wamepata nguvu mpya tangu Septemba 2023. Watafiti wa makumbusho ya Berlin, waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, walitangaza kwamba vinasaba vya fuvu moja lililoandikwa “Akida” vinalingana na vya mzao aliye hai. Akida huyo anatambuliwa kuwa mshauri wa Mangi Meli. Kulikuwa na ulinganifu wa karibu pia kwa mafuvu mengine mawili ya Kilimanjaro. Wazao wa Mangi Lobulu wa ukoo wa Kaaya bado wanatafuta mabaki ya mzee wao, na filamu ya The Empty Grave (2024) ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay imewafuata, sambamba na familia ya Mbano ya Songea. Kwa familia kama hizo vinasaba ni haki.

Tuone lakini kilichofanya mafanikio yale yawezekane. Fuvu lilikuwa na jina. Familia ilikuwa na masimulizi yaliyomtaja mtu huyo na kueleza alikufa vipi. Maabara ilithibitisha jambo lililokwisha kusimuliwa na kuandikwa, haikulivumbua. Kijana anayetema mate kwenye kichupa na kukituma Marekani hana fuvu wala jina la kulinganisha. Hifadhidata za kampuni hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na jibu atakalopata litamtaja kwa jumla jumla kuwa wa Afrika Mashariki, jambo alilolijua kabla ya kulipa. Hesabu ya urithi nayo inabana: nusu kwa mzazi, robo kwa babu, na ukifika kwa babu wa babu imebaki wastani wa sehemu moja kwa 16. Kromosomu Y hufuata mstari wa baba hadi mbali sana, ila mstari huo ndio uliovunjwa na mapokezi ya mateka na wakimbizi niliyoyaeleza. Ukoo unaweza kuwa mmoja kwa kila kigezo cha mila na bado ukawa na mistari mitatu ya Y.

Kuna pia sheria. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inadhibiti uchukuaji na upimaji wa sampuli nchini chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti. Katibu wa ukoo anayekusanya majibu ya vipimo vya watu kwenye kundi la WhatsApp anacheza na jambo zito. Kampuni ya 23andMe ilipoomba ulinzi wa mufilisi Machi 2025, wateja wake kwa mamilioni waligundua kwamba vinasaba vyao ni mali inayoweza kuuzwa.

Kihamba ndani ya mti

Hapa ndipo penye kiini. Mtu anapofariki, wanaoomba usimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo kwa desturi huja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hicho ndicho kinachosema nani ni mtoto, nani ni mke, nani amejipenyeza. Meru na Arusha ardhi imekwisha. Vihamba, mashamba ya migomba ya familia, vimegawanywa hadi vingine havitoshi nyumba mbili, huku bei ya kiwanja kandokando ya barabara ya Moshi ikipanda. Kwa hiyo kila jina linaloongezwa kwenye mti ni mdai anayewezekana.

Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotungwa kwa ajili ya jamii za ukoo wa baba, lilimpa binti daraja la chini katika urithi na kumzuia asiuze ardhi ya ukoo. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimetamka usawa wa mwanamke katika kumiliki ardhi, lakini tamko lile halijafutwa, na vikao vingi vinaendelea kulifuata kwa mazoea. Mti usio na mabinti unapochorwa mwaka huu, wachoraji hawajasahau kama Gulliver angetarajia. Wamechagua.

Suala la waliopokelewa ni gumu zaidi, na sioni kama lina jibu safi. Tawi linalotokana na mateka wa mwaka 1880 limeishi kama wana wa ukoo kwa vizazi vitano. Kuandika asili yake ni ukweli wa kihistoria unaoweza kugeuzwa silaha kesho mbele ya hakimu. Kuificha ni kuendeleza wema wa mababu waliompokea mtoto wa watu na kumpa jina, ila pia ni kumnyima mzao wake haki ya kujua bibi yake mkuu alikuwa wa wapi. Wapo wazee wanaonyamaza kwa hekima, na wapo wanaonyamaza kwa sababu wanataka shamba. Kwa nje hawatofautiani.

Mizani

Nikizipima hoja zote, masimulizi yanashinda kwa kina, karatasi zinashinda kwa tarehe na kwa majina ya akina mama, vinasaba vinashinda katika maswali machache yenye majina tayari. Hakuna kimojawapo kinachoweza kusimama peke yake kabla ya 1900. Mpangilio unaoelekea kufaa ni wazee na marika kwanza, daftari la usharika na mafaili baadaye, maabara mwisho, na kwa swali mahususi tu.

Ila mpangilio huo hautasaidia kama kamati ya historia ni kamati ileile ya mirathi. Hilo ndilo kosa la muundo linaloua kazi nyingi za namna hii. Mshili (kiongozi wa ukoo wa Kimeru), laigwanani (kiongozi wa rika la Kimaa) au mwenyekiti wa ukoo anayeamua nani arithi hawezi kuwa huyohuyo anayeamua nani aandikwe, hata awe mwadilifu vipi, kwa sababu kila mtoa habari atapima maneno kabla ya kumjibu. Wazo mwafaka ni daftari la historia lenye tamko la maandishi, lililokubaliwa na mkutano mkuu wa ukoo, kwamba halitatumika kama ushahidi wa urithi na muhtasari wowote wa mirathi hautalinukuu. Mahakama haitafungwa na tamko hilo, bila shaka. Lakini watu wataongea, na masimulizi mawili yanayopingana yataweza kuandikwa yote mawili, kila moja na jina la msimulizi wake na rika lake, bila mtu kulazimishwa kushinda.

Zipo gharama. Daftari lisilo na nguvu ya mirathi litawavutia wachache, maana wengi huja kikaoni kwa ajili ya ardhi. Michango itakuwa midogo. Watakaobaki huenda wakawa walimu wastaafu, katibu mmoja wa usharika na mabinti walioolewa koo nyingine. Kwa kazi hii, hao wanatosha. Binti aliyeolewa anazijua nyumba mbili, ya kwao na ya mumewe, na bibi kizee aliyeletwa Sing'isi kutoka Machame akiwa msichana anakumbuka ukoo mzima, ilhali mti wa mumewe umemwandika yeye kwa neno moja tu: mke. Wazee wa Seuri wengi sasa wamevuka miaka 70. Wake zao ndio wa kuanza nao.